Kuvertire ya Kwenda Kundelungu

Wenzangu mliokulia Likasi kabla ya simu kuingia mifukoni mtanishuhudia: enzi zetu safari haikuanza siku gari linapowashwa. Ilianza miezi kabla, mdomoni. Mtu akitaka kwenda Lubumbashi, mtaa mzima ulikwenda naye kwa maneno kwanza, na akirudi, mtaa mzima ulirudi naye. Leo watoto wangu wanatoka nyumbani nikidhani wamefuata sabuni dukani, kumbe jioni naona picha yao wako Kolwezi wanakula kuku. Siwalaumu, kila kizazi na miguu yake. Ila mwaka huu nimeshika kupanga safari ya Kundelungu, ile milima yetu yenye hifadhi ya wanyama na maporomoko ya Lofoi, na tangu nianze kupanga, akili inanirudisha kwenye mwaka wa darasa la sita, mara ya kwanza tulipoipanga safari hiyohiyo. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kupanda mlima ule.

Tulikaa mtaa wa Kikula, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga mwenyewe, chumba kimoja kimoja, kila kampuni ilipompa likizo. Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha shaba, na king'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa yetu. Kikilia asubuhi, mama alikuwa amekwisha washa mbabula, lile jiko la makaa la bati lililotobolewa kwa msumari, na moshi wake ulichanganyika na moshi wa kiwanda uliokuwa ukiwasha koo. Tulikunywa chai ya rangi na mikate ya mafuta iliyolala, tukajipaka mafuta miguuni mpaka tukang'aa, kisha tukaenda shule tukiwa tumekumbatia mikono kifuani kwa baridi. Wavulana walisukuma motokari za waya zenye usukani mrefu. Sisi wasichana tulicheza nzango, mguu kwa mguu na makofi, mpaka vumbi jekundu likatufika kiunoni na mafuta yote ya asubuhi yakawa matope. Ukirudi nyumbani katika hali hiyo, mama alikuwa na neno lake moja ambalo nimelirithi bila kutaka: "Sabuni haiote mu shamba."

Tulikuwa na mipaka yetu. Upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani uliofungwa, tulikatazwa hata kuunyooshea kidole. Sokoni Kikula tuliruhusiwa mpaka kwenye meza za samaki wakavu, ambako mama yake Bijou, rafiki yangu wa moyo, alikuwa akiuza. Kupita hapo ilikuwa fimbo. Kwa hiyo mtu akikutajia mlima ulio mbali, ng'ambo ya mto Lufira, mlima ambao hujawahi kuuona hata kivuli chake, alikuwa anakutajia mbingu ya pili.

Aliyetutajia ni Metre Kasongo, mwalimu wetu. Kwetu mwalimu wa shule ya msingi ni Metre, na siku zile Metre alimfuata padri, na padri alimfuata Mungu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ule mkunjo wa mbele ungeweza kukata nyanya. Kwao ilikuwa Moba, kule ziwani, lakini tulilijua hilo kwa kusikia tu, maana hatukuwahi kumsikia akitamka neno la kwao wala la kwetu. Ndani ya uzio wa shule Kiswahili kilikuwa marufuku. Kulikuwa na simboli, kibao kidogo chenye kamba. Aliyenaswa akisema Kiswahili alivikwa shingoni, na njia ya pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzako. Ukikanyagwa kidole, ulitakiwa kulia kwa Kifaransa. Wengi wetu tulichagua kunyamaza, na hivyo tukajifunza kunyamaza kwa lugha mbili.

Basi baada ya Pasaka Metre akafuta ubao wote, hata tarehe, akachora. Alichora mstari mrefu ulionyooka kama meza, akasema huo ndio mlima wa Kundelungu, kwamba juu yake hakuna ncha bali uwanda wa majani usio na mwisho. Halafu akalaza chaki ubavu, akaivuta kutoka juu ya meza ile hadi chini kabisa ya ubao. Hayo yalikuwa maji ya Lofoi. Akaeleza kwamba yanaanguka kutoka juu sana hata mengine yanageuka moshi kabla hayajafika chini, na kwamba mwezi wa sita, mitihani ikiisha, kampuni itatuazima lori, nasi tutakwenda kuyaona. Yote hayo kwa Kifaransa. Tulielewa nusu, lakini nusu ile ilitutosha kukosa usingizi.

Kuanzia siku hiyo hatukuzungumza jambo lingine. Nje ya uzio, kwa Kiswahili chetu, tulipanga nani atakaa karibu na nani kwenye lori, nani atatapika, na tutafanya nini tukikutana na punda milia. Bijou alishikilia kwamba punda milia hamgusi mtu aliyekula karanga, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumpinga, darasa zima lilianza kukaanga karanga. Wavulana walijigawia wanyama. Mmoja alijipa simba, na tukaanza kumheshimu kabla hata simba hajapata habari.

Tatizo langu lilikuwa kifua. Kila baridi ilipoingia mimi nilikohoa, na usiku kifua kilipiga mluzi ambao wadogo zangu walikuwa wakiuiga. Mama alichemsha majani ya mkaratusi, akanifunika kichwa kwa nguo juu ya sufuria, nikavuta mvuke mpaka machozi. Nilipomwambia habari za mlima alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua macho.

"Kule juu kuko baridi ya kuuwa bantu," alisema. "Na weye kifua yako unaijuwa. Utabaki."

Nililia kimyakimya, ile kulia ya kutaka kusikika. Nilijua kwamba hana kosa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu mzazi mwenye haki hana pa kushikwa. Nikaenda kwa baba. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, tena aliyatoa baada ya kula tu. Jioni ile, bukari, ugali wetu, ilipokwisha na vidole vilipokwisha oshwa, akamwambia mama kwamba lori lina turubai, kwamba dereva ni mwenzake wa kazi na anamfahamu, na kwamba yeye mwenyewe amefanya kazi miaka yote karibu na milima ile bila kuifikia, basi afadhali mmoja wa nyumba hii aende aone kwa niaba ya wengine. Mama akafikiri. Kisha akasema lile neno ambalo watoto wote wa dunia wanalijua, ambalo si ndiyo wala si hapana: tutaona.

Mnajua tutaona ya mama inavyomfanya mtoto. Nilichota maji bila kutumwa. Nilitwanga sombe mpaka mchi ukaniomba nipumzike. Niliwaogesha wadogo zangu hata walipokuwa safi. Usiku nilikohoa ndani ya mto ili mama asisikie. Nadhani alisikia, lakini hakusema. Sikuwahi kuwa mtoto mwema kiasi kile, wala sijarudia.

Siku za mwisho za muhula Metre akatutajia vya kubeba, nasi tukarudia kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimba ya darasani. Kikombe. Sahani. Unga kidogo wa bukari. Na mwisho, kwa mkazo, akainua kidole: kila mtu, bila kukosa, aje na une couverture. Nasi tukaitikia mpaka madirisha yakatetemeka: une couverture.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na mtu asiyekulia Katanga lazima nimweleze. Kwetu blanketi ni bulangeti. Ni neno ambalo wazee walirudi nalo kutoka upande wa Rodezia walikokwenda kutafuta kazi, na hakuna mtoto wa Kikula aliyelijua kwa jina jingine. Couverture tuliijua pia, tena vizuri sana, lakini ile ya shuleni: kuvertire, karatasi ngumu ya kufunikia daftari, ambayo usipokuwa nayo mwezi wa tisa Metre alikurudisha nyumbani. Tulikuwa tumeishi na neno hilo tangu darasa la kwanza. Haikutupitia akilini kwamba lingeweza kuwa na joto.

Mama alishangaa kidogo. Aliniuliza kuvertire ya nini mlimani. Nilikuwa na jibu, maana tulikwisha lijadili na Bijou njia nzima: kule kuna maji yanayoruka, Metre atatuandikisha habari za maporomoko papo hapo, na daftari lisilofunikwa vizuri litalowa. Mama akaona ni sawa. Metre akisema jambo, nani angeliuliza mara mbili? Aliniambia tu kwamba bora mwalimu anayefikiria madaftari, huenda atafikiria na vifua. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tutaona yake imeanza kugeuka.

Wiki ile Kikula hapakubaki mfuko wa simenti. Popote palipokuwa na nyumba inayojengwa, watoto wa darasa la sita tulikuwa hapo tukikung'uta mifuko mitupu, tukichuna ile karatasi ya katikati isiyo na vumbi. Bijou alipata karatasi iliyofungia samaki, akaianika siku nzima, lakini harufu ilikataa kuondoka. Mimi baba aliniletea kutoka kazini karatasi ya bluu, nene, iliyopakwa mafuta, ambayo ilikuwa imefungia vyuma vipya. Alikaa nayo mezani jioni nzima na kisu chake, akaikunja pembe kwa pembe, na lile daftari lilipokwisha ungeweza kuliangusha mtoni na kesho ukalisoma. Aliridhika sana. Mama alipoliona alicheka, akasema basi niende. Hivyo tu, kwa neno moja, nami nikatoka nje nikakimbia kuzunguka nyumba.

Asubuhi ya safari lori lilikuwa mbele ya shule, injini inanguruma, turubai linapigwa na upepo. Ilikuwa ile baridi ya mwezi wa sita inayong'ata masikio. Tulijipanga mistari, kila mtu na kikombe chake, sahani yake na kifurushi cha unga. Metre alikuwa amevaa koti refu, na begani alibeba blanketi lake limekunjwa na kufungwa kamba. Tuliliona, tukadhani ni mambo ya watu wazima. Akapita mbele yetu polepole, akitutazama mikono, miguu, migongo. Uso ukaanza kubadilika.

"Et vos couvertures?" akauliza.

Tukayainua madaftari juu, darasa zima kwa pamoja. Nafikiri hapajawahi kuonekana madaftari yaliyofunikwa vizuri kama yale, wala wanafunzi waliojaa fahari kama sisi. Metre akalichukua la Bijou, akaligeuza, akalinusa bila kukusudia. Akachukua na langu, akapitisha kidole gumba kwenye zile pembe za baba. Dereva alikuwa amechungulia dirishani anatazama. Kisha Metre akakaa juu ya kidato cha lori, yule mtu wa suruali ya pasi, akakaa palepale kwenye vumbi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Blanketi, wanangu," akasema. "Nilikuwa nasema blanketi."

Kilikuwa Kiswahili cha kwao, cha ziwani, kilichonyooka na chenye upole ambao hatukuutarajia. Tulitazamana. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mvulana mmoja, nafikiri ni yule mwenye simba, alitazama huku na huku akitafuta simboli ilipo, maana kwa sheria sasa ilikuwa zamu ya Metre kuivaa.

Lakini kicheko hakikudumu. Metre akasimama, akatueleza kwa lugha hiyohiyo kwamba juu ya uwanda ule hakuna nyumba, tutalala chini ya turubai, na mtoto asiye na blanketi hawezi kumpandisha, hata aombe vipi. Dereva akasema atangoja mpaka king'ora cha pili, zaidi ya hapo hawezi, kwa sababu ya kivuko cha Lufira. Kabla hajamaliza, uwanja ulikuwa mtupu.

Nilikimbia na wenzangu, lakini moyo haukukimbia. Wao walikuwa wakikimbilia blanketi. Mimi nilikuwa najua kilichopo kwetu. Tulikuwa na bulangeti moja zito, la kijivu lenye mstari mweusi, ambalo kampuni ilimpa baba, na chini yake walilala wadogo zangu wote, wamepangwa kama samaki wa mama yake Bijou. Mengine yalikuwa nguo tu, vikwembe vya mama vilivyochakaa. Katika baridi ile, kuliomba bulangeti lile ilikuwa kuwavua watoto. Na kifua changu, kwa mbio zile, kilikuwa kimeanza mluzi wake waziwazi.

Mama nilimkuta uani. Nilimweleza kwa vipande, pumzi inakatika. Hakunikatiza. Alinitazama usoni, kisha akatazama kifua changu kinavyopanda na kushuka, nami nikajua kwamba safari imekwisha, tena imeishia mikononi mwa mtu mwenye haki. Akaingia ndani. Nikasikia wadogo zangu wanalalamika, kisha mmoja akalia, ile sauti ya mtoto aliyenyang'anywa joto. Mama akatoka na bulangeti limekunjwa.

"Baridi ya hapa tunaijuwa," akasema. "Ya kule hatuijuwe. Beba."

Kisha akanigeuza, akaniwekea bulangeti lile mgongoni, akalifunga kwa kikwembe chake, fundo mbele ya kifua, jinsi mwanamke anavyombeba mtoto. Nikarudi shuleni nikitembea haraka, maana kukimbia alinikataza.

Kikula yote ilikuwa barabarani. Akina mama walikuwa wakitoka na mablanketi yenye joto la vitanda bado, mengine ya kijivu kama letu, mengine ya maua, mengine hata si mablanketi. Mtoto mmoja alikuja na pazia, mwingine na koti la kazi la baba yake. Metre alipokea kila kitu. Waliokosa kabisa aliwapachika kwa wenzao, wawili wawili, na Bijou akaingia kwangu na harufu yake ya samaki. King'ora kilipolia lori lilikuwa limekwisha jaa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyebaki. Simboli ilibaki darasani juu ya meza. Tulipopita misheni ya Kapolowe, Metre alikuwa akitusimulia habari za ziwa la kwao kwa Kiswahili, na sisi tukimjibu kwa Kiswahili, na kila mtu akijifanya haoni ajabu.

Mlima tuliuona. Sitasema mengi, maana waliouona wanajua na wasiouona watasema naongeza chumvi. Majani ya rangi ya simba mpaka macho yanachoka, upepo usio na kizuizi, na baridi ambayo mama alikuwa ameikadiria sawasawa. Punda milia walikuwa mbali, nusu yao pengine ni vichaka. Maji ya Lofoi, kwa kuwa ni kiangazi, yalikuwa membamba, lakini yalianguka kwa muda mrefu hata ungeweza kuchagua tone moja juu na kulisindikiza kwa macho. Nilipiga magoti ukingoni, Metre ameshika nguo yangu kwa nyuma, nikatazama. Kifua kilinyamaza siku ile. Kwa nini, sijui mpaka leo.

Niliporudi, mtu aliyeniuliza zaidi kuliko wote alikuwa mama. Baba aliuliza habari za lori. Wadogo zangu waliuliza habari za simba. Mama aliuliza maji yanaangukaje, kelele yake inaanza kusikika kutoka wapi, majani ya kule yananuka nini, jua linatuaje mahali pasipo na miti. Nilimjibu yote, nikaongeza na yangu. Baada ya juma moja aliniuliza tena, mikono yake ndani ya unga. Mimi nilifurahi kuwa na msikilizaji, basi.

Sasa nina watoto wangu, Héritier na Gracia, wakubwa tayari, na mama anakaa nasi hapa Likasi, magoti yanamsumbua lakini ulimi mzima. Mwaka huu nimeamua kwenda tena Kundelungu, safari hii na familia. Nimekwisha kubaliana na jirani mwenye jeep. Jumapili iliyopita, baada ya misa na bukari, nikawaita wote sebuleni nikawaeleza mpango wangu, nikaupamba, nikachora hata kwa kidole mezani ule mstari ulionyooka. Nilingoja wanirukie shingoni.

Gracia akauliza kama kule kuna mtandao. Héritier hakuuliza kitu. Alipekua simu yake, akanigeuzia. Maporomoko ya Lofoi yalikuwa hapo, yamepigwa picha kutoka angani, yanaanguka na muziki nyuma yake.

"Mama, hii tulishaiona," akasema, bila ubaya wowote.

Ni vijana wazuri, msiwafikirie vibaya. Wana mablanketi mpaka wanagombana nani atayakunja, wana viatu vya kila kazi, wana sinema za mlima mzima kiganjani. Walinieleza kwa adabu kwamba mwezi wa sita wana mambo yao, na kwamba ninaweza kwenda na marafiki zangu, watafurahi wakiona picha. Gracia hata alijitolea kunifundisha jinsi ya kuzituma. Niliumia, nakiri. Nilihisi nimebeba kitu kizuri kutoka mbali na waliokusudiwa hawana pa kukiweka.

Mama akanyoosha mkono akaomba ile simu. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, kisha akamrudishia mjukuu wake. Alisema maji haya ni kadogo. Vijana wakacheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa, nikamgeukia nikamwomba basi abaki na watoto siku hizo mbili tatu, awaangalie, nami nitakwenda peke yangu.

"Miye njo nilitaka kwenda," mama akasema. "Tangu ile mwaka. Hakuna muntu aliniulizaka."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayekukumbusha kwamba chumvi imekwisha. Héritier alilaza simu mezani kifudifudi. Nilitazama mikono ya mama, nikafikiria jinsi mwaka ule mtaa mzima ulivyouliza: nani anakwenda, nani ana unga, nani ana kuvertire, nani ana bulangeti. Mwanamke huyu siku zile alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao leo, hakuwahi kuvuka Lufira, na sisi sote, baba, Metre, mimi, tulipita mbele yake tukichukua tulichohitaji. Nikamuuliza, kwa heshima yote, kama angependa twende naye. Akasema anapenda, lakini jeep isiende mbio.

Enzi zetu tulikuwa na hamu kuliko nafasi. Watoto walitamani mpaka wakaugua, na mama zao walitamani na kunyamaza, kwa sababu kutamani hakukuwa kazi ya mama. Leo nafasi imejaa nyumbani, tunawauliza wanetu wanataka nini, nao wanatuuliza kama kuna mtandao. Sijui kipi bora. Najua tu kwamba hamu ile, iliyotufanya tuwinde mifuko ya simenti kwa wiki nzima, sijaiona tena kwa mtu yeyote chini ya miaka thelathini, na ninaikosa kuliko ninavyokosa ujana wangu.

Tunaondoka mwezi wa sita, mama na mimi. Vijana wamekubali kulinda nyumba. Majirani wamekwisha pata habari zote, maana mama hapiti mtu barabarani bila kumweleza jeep ni ya nani na tutalala wapi. Na kila jioni, nikirudi kutoka kazini, hata sijavua viatu, ananiuliza zimebaki siku ngapi, jinsi nilivyokuwa nikimsumbua yeye mwaka ule. Mimi namjibu nikijua kwamba kesho atauliza tena.